Zijaribuni Nakala Zenu

Ndugu zangu mnaolinda seva za hospitali, za saccos, za vyuo na halmashauri, nawasihi msilale kwa kuwa tu mna klasta. Klasta ni kitu chema. Seva moja ikifa usiku wa manane, pacha wake anashika kazi, na asubuhi mgonjwa aliye dirishani haambiwi kwamba mtandao uko chini. Lakini pacha huyo anaandika kila kinachoandikwa kwa mwenzake, papo hapo. Ukifuta daftari la wagonjwa kwa makosa, naye anafuta. Wahalifu wakiyafunga mafaili yenu na kudai fidia, naye anafungwa. Mashine ikifa klasta itawafaa. Mkono wa binadamu ukikosea, haitawafaa kitu.

Tazameni yaliyowapata GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 fundi wao alikuwa akihangaika na seva pacha ya kanzidata iliyoshindwa kwenda sambamba na seva kuu. Akaamua kufuta tena folda ya data kwenye pacha ili aanze kunakili upya. Amri akaipiga kwenye seva kuu! Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, akaisimamisha, na katika gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Yule pacha naye alikuwa ameshafutwa mapema. Wakakimbilia nakala za kila siku, wakakuta ghala tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2, kanzidata ni 9.6, basi kila siku ilikuwa ikigoma. Barua pepe za kuwaonya zilitumwa kweli, ila seva ya barua ilizikataa kwa kukosa uthibitisho. Sikieni hapo, ndugu zangu: tahadhari ilipigwa, na hakuna hata mmoja iliyemfikia.

Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo fundi huyo huyo aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ilipotea. Nawaheshimu kwa kuyaandika yote hadharani, bila kumtoa kafara fundi wao, na laiti kila ofisi ingekuwa na ujasiri huo.

Na moto je? Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud kiliwaka huko Strasbourg, Ufaransa, na jengo moja likateketea lote. Walikuwapo wateja waliolipia nakala rudufu, nazo zikaungua pamoja na data yenyewe kwa sababu zilikaa mahali pamoja. Sasa nendeni mkafungue chumba chenu cha seva. Diski ya nakala iko wapi? Kama imelala juu ya seva ile ile, imechomekwa kwenye soketi ile ile, mnangoja nini kuihamisha? Hatari ya kuweka vitu viwili mahali pamoja, Afrika Mashariki tumeshaonjeshwa: Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti yetu ikakokota miguu. Tulikuwa na njia mbili, zikapita karibu karibu.

Mwendeeni mkurugenzi, mumuulize mambo mawili, na majibu ayatie sahihi. Mfumo ukianguka leo, yuko tayari kupoteza kazi ya muda gani? Na yuko tayari kukaa bila mfumo kwa muda gani? Akisema kazi ya saa moja tu, mwambieni bila woga kwamba nakala inayochukuliwa mara moja kila usiku haimtoshi, na kwamba anachotaka kina gharama.

Kisha, wiki hii hii, chukueni mashine tupu isiyogusa mfumo unaofanya kazi. Leteni nakala kutoka jengo la mbali. Mpeni kazi ya kuirejesha kijana mgeni wa idara, akiwa na maelekezo yaliyoandikwa tu. Fundi mkuu akae pembeni, mdomo kaufunga. Kila mahali kijana atakapokwama, maelekezo yarekebishwe hapo hapo. Andikeni saa aliyoanza na saa ambayo karani ameweza kufungua faili la mgonjwa wa jana, mkalisoma wote kwa macho yenu, kisha mpange tarehe ya zoezi linalofuata kabla hamjatoka chumbani.