Je, Mwenye Njaa Aulizwe Upande Wake?

Ndugu wasomaji wa Mbinga na pwani ya Nyasa, njaa iliyowapata jirani zetu wa Songea baada ya Vita vya Majimaji (1905–1907) ilikuwa kazi ya mikono ya watu. Askari wa Wajerumani walichoma ghala na mashamba kusudi watu watii. Nayo njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Labda mtu atasema, “Tukimpa unga mke wa adui, mumewe atashiba, naye atapigana tena.” Neno hili lina uzito. Lakini mtoto aliaye kwa njaa hakuchagua vita. Amnyimaye chakula aimaliza kazi ya yule aliyechoma ghala. Hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, mwaka 2018, lililaani kuwatesa raia vitani kwa njaa. Basi, tupimapo unga, tuhesabu vinywa, tusiulize upande.