Mshiko wa Kifaranga

Umewahi kumshika kifaranga? Ukilegeza mno, anakuponyoka. Ukibana, unamuumiza. Raketi ya badminton nayo hushikwa hivyo hivyo.

Anayeanza huikaba kama anayepigana. Mkono unakakamaa hadi begani, na kile kinyoya kinachopigwa kinaishia wavuni. Aliyezoea hulegeza. Anasubiri. Anasubiri. Kinyoya kikifika, ndipo vidole vinapokaza, mara moja tu, pa! Kisha vinalegea tena. Mchezaji Taufik Hidayat wa Indonesia alikuwa akiupa wavu kisogo, anapiga kwa mgongo wa mkono, na kinyoya kinachomoka kama kimefukuzwa. Bega wala halikuhangaika.

Leo kazini, kabla hata simu ya kwanza haijalia, hebu vitazame vidole vyako. Vimekaza nini?