Mizani Yako Iko Kwenye Simu



Likizo iliyopita nilimsaidia dada yangu kuuza viatu vya mtumba WhatsApp. Pea moja ilikuwa imechanika kisiginoni. Nikatafuta mtandaoni picha ya pea mpya ya aina ileile, nikaiposti. Haikupita saa, mama mmoja akalipia. Mzigo ulipomfikia aliandika neno moja tu: "Sawa." Hakulalamika. Ila jioni ile, kwenye Rozari, sikuwa na amani kabisa.

Mithali 11:1 inatuambia Mungu anachukia mizani ya udanganyifu. Mizani yetu sisi ni picha tunayoposti, bei tunayoificha kwa "njoo inboksi", na sifa tunazojiandikia kwa akaunti ya pili.

Kesho yake nilimwomba yule mama msamaha, nikamrudishia 15,000 yake. Iliniuma, lakini nililala.

Ndugu yangu, tangaza biashara yako kwa bidii. Kazi ni baraka. Ila piga picha mzigo ulio nao, onyesha na kasoro yake, andika bei. Kabla ya kuposti jiulize: mteja angekuwa Yesu, ningemtumia picha hii?

Mama Maria atuombee. Amina.