Wengi Wape, na Mmoja Je?

"Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe." Methali hii tumeimeza tangu shule ya msingi, na ni wachache waliowahi kuitema mkononi waitazame ina nini ndani. Mtaani ndiyo katiba yetu. Abiria wengi wakitaka daladala ipite njia ya mkato, inapita. Wengi wakitaka taarabu, redio inafunguliwa taarabu, na wewe mpenda mpira utasikia matokeo kesho. Sina ugomvi na methali hii ikiwa ndani ya daladala. Ugomvi wangu unaanza pale inapovua viatu, ikaingia ndani ya nyumba na kukaa mkekani penye sinia la chakula.

Swali langu, ndugu msomaji, ni hili. Familia ina watu watano. Wanne wanakula ngano na kulala usingizi. Mmoja akila ngano anaumia. Je, ni haki wanne waache chapati kwa ajili ya tumbo la mmoja? Usiharakishe kusema "ndiyo" kwa sababu ya huruma. Huruma haijui bei ya unga.

Kwanza tuujue ugonjwa. Unaitwa siliaki. Hauambukizi, na wala si jicho la jirani. Ndani ya ngano, shayiri na ile nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, kuna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika kwenye utumbo mwembamba, askari wa mwili wanaugeukia utumbo wenyewe. Vile vijinyweleo vinavyofyonza chakula vinalala kama majani yaliyokanyagwa. Mtoto anakula na huku ana njaa: anaharisha, tumbo linajaa, damu inapungua, kimo kinagoma kuongezeka. Kidonge cha kuponya hakuna. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na kuacha huko si kwa mzaha. Kipimo cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa "hakina gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja. Kwa hiyo hatuzungumzii chapati nzima. Tunazungumzia makombo, kisu kilichopaka siagi kwenye mkate, chipsi zilizotoka kwenye mafuta ya sambusa.

Familia yenyewe iko Temeke, tumepanga nyumba moja, ukuta kwa ukuta. Majina yao nawaachia wenyewe. Ni baba, mama, bibi, kijana wa kidato cha pili na binti wa miaka tisa. Kabla ugonjwa haujapata jina, binti ametibiwa minyoo, ameba na taifodi mpaka daftari la zahanati likajaa. Jina lilipopatikana, kwa kipimo cha damu na kipande kidogo cha utumbo, mama alikaa kimya muda mrefu. Unajua kwa nini? Mama huyo ndiye aliyekuwa akiuza maandazi na chapati barazani kila asubuhi. Sare za shule, madaftari, umeme, vyote vilitoka kwenye ngano. Unga uliokuwa ukipepea alfajiri ndani ya chumba kile ndio uliowalisha, na ndio uliokuwa ukimla mtoto.

Hapo nyumba ikagawanyika. Bibi akasema, "Mnamdekeza tu huyo. Zamani maradhi haya hayakuwepo." Baba akasema binti anunuliwe sufuria yake, sahani yake na kijiko chake, wengine waendelee kama kawaida. Kaka mtu naye akatoa neno ambalo lilipenya ukuta na likanikosesha usingizi: "Mama, mimi siumwi. Kwa nini nifunge swaumu ya mwenzangu?"

Jamani, hawa wote si watu wabaya. Tuwasikilize mmoja mmoja.

Bibi amekosea kuhusu ugonjwa. Mganga wa Kigiriki aitwaye Aretaeus aliandika juu ya maradhi ya namna hii yapata miaka 1,900 iliyopita. Lakini bibi, bila kujua, alikuwa ameshika nusu ya jibu. Muulize alipokuwa msichana walikula nini. Ugali wa mtama, muhogo, magimbi, ndizi, wali siku ya sikukuu. Ngano ilikuwa mgeni wa harusi na Idd. Sinia la zamani la bibi lingeweza kumlisha mjukuu huyu bila hata kumuuliza anaumwa nini. Ni sisi wa mjini tuliomkaribisha mgeni, tukampa chumba, na leo tunamwona ndiye mwenye nyumba. Chai bila mkate tunaiita chai kavu, kana kwamba kiazi kitamu si kitu.

Kuna kisa cha Uholanzi kinachofanana na hili. Daktari wa watoto Willem Karel Dicke alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita. Mkate uliadimika, na maelfu ya watu walikufa. Katikati ya balaa hilo, watoto wenye siliaki walikuwa wakipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 Dicke alitoa tasnifu yake Utrecht, na shaka ikawa elimu. Tafakari jambo hili: meza ile ile iliyowaadhibu wengi iliwaokoa wachache. Nani basi anaweza kusema kwamba chakula cha wengi ndicho chakula cha kawaida, na cha mmoja ndicho cha ajabu?

Twende kwa baba. Sufuria ya peke yake ni ushauri mzuri wa kitabibu, na wala simcheki. Shida yake inaonekana jioni. Sisi hatuli ili kushiba tu. Anayekula kwenye sinia moja na wewe umemwita ndugu bila kutamka. Mtoto aliyewekewa kisahani pembeni anaambiwa kitu kingine bila kutamkwa. Ramadhani moja niliona watoto wa majirani wakimzunguka binti huyu na tambi, kaimati na sambusa. "Kula basi!" Akajibu, "Nimeshiba." Hakuwa ameshiba. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameshajifunza uongo wa watu wazima, ule wa kuficha njaa ili asiwasumbue wenye shibe. Kwangu mimi hapo ndipo penye kesi. Utumbo unaweza kupona ukiachiwa nafasi. Mtu aliyezoea kusema "nimeshiba" ili asihesabiwe ni mzigo, huyo nani atampima?

Sasa kaka. Hoja yake ndiyo nzito kuliko zote, na wanaomwita mchoyo hawajaisikia. Anasema hivi: kutokuumwa si kosa, kwa nini niadhibiwe? Mtu anaweza kumtisha kwamba ugonjwa huu hukimbia katika damu, kwamba kati ya wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa, karibu mmoja katika kumi huwa nao. Ni kweli, na ndiyo maana wote wanne walipimwa. Walikutwa hawana. Kwa hiyo hofu haitusaidii hapa. Ni lazima tumjibu kijana kwa haki.

Jibu langu linaanzia kwenye lugha yetu. Neno "sawa" lina kazi mbili. Vitu vinavyolingana ni sawa. Jambo lililo jema pia ni sawa. Kaka anashika ile ya kwanza: kila mtu apate kile kile, au kila mtu aachwe na chake. Lakini ukimpa kila mmoja chapati moja, mikono imelingana tu. Wanne wamepewa chakula na mmoja amepewa ugonjwa.

Hata hivyo sikubali kwamba kaka aachishwe ngano dunia nzima. Nani aliyesema deni halina mpaka? Hebu tazama Kanisa Katoliki. Barua yake ya mwaka 2003 ilisisitiza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa, kwa sababu mkate wa Misa lazima uwe wa ngano. Lakini ilikubali hostia yenye gluteni kidogo sana, na asiyeweza hata hiyo akaruhusiwa kupokea divai peke yake. Waliona kuna kitu chao kisichoweza kubadilishwa, wakatafuta mlango mwingine ili mtu asibaki nje. Ninachojifunza ni hiki: kabla ya kupima nani anapoteza nini, jiulize ni kipi hasa kisichoweza kubadilishwa. Kwa Kanisa ni ngano. Kwa familia ya Temeke, ngano ni mazoea. Kisichoweza kubadilishwa ni lile sinia, yaani kule kukaa pamoja.

Na ndivyo ilivyokwenda. Mama aliacha maandazi akaingia kwenye vitumbua vya mchele mtupu na mkate wa kumimina. Mchele unalowekwa usiku, alfajiri unasagwa kwa blenda pamoja na tui. Unga wa lishe wa dukani waliuacha, maana mara nyingi umechanganywa na ngano. Usidhani ilikuwa rahisi. Mchele una gharama, wateja wa chapati walihamia kibanda cha pili, na miezi ya mwanzo mama alirudi na faida ya kununulia chumvi. Kaka akila chapati yake anaila huko huko shuleni, kisha ananawa mikono. Jioni wote watano wako sinia moja, na hakuna kitu juu yake ambacho binti anakiogopa.

Lakini sharti moja limebaki, na ndilo gumu kuliko kuacha ngano. Wasimdai. Siku moja mama, kwa uchovu, aliropoka, "Yote haya kwa ajili yako, mwanangu!" Binti akaweka kitumbua chini. Ndugu msomaji, zawadi ikishatajwa bei inageuka mkopo, na mtoto wa miaka tisa atalipa kwa nini? Hakuchuma janga hili. Tunasema mchuma janga hula na wa kwao. Kama tunakubali kula pamoja na aliyelichuma kwa mkono wake, tutakataaje kula na yule ambaye limemwangukia tu?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Wengi wapewe, sawa, lakini wingi hauwapi haki ya kumfanya mmoja aogope nyumbani kwake. Familia haimdai kila mtu aumwe pamoja na mgonjwa. Inadaiwa walau mlo mmoja kwa siku ambao mgonjwa anaula bila kuchungulia, bila kushukuru kila tonge, na bila kusema ameshiba wakati ana njaa.

Kama wewe unaona kaka bado ana haki, andika. Ila kabla hujashika kalamu, angalia sinia la kwenu jioni ya leo. Hesabu ni nani amesema "nimeshiba" mapema mno.