Ridhaa Si Alama ya Kidole Tu



Yako mambo yanayonong'onwa jikoni wala hayatajwi barazani, na mojawapo ni mwanamke kuondolewa kizazi kwa kupasuliwa. Kwa kuwa halitajwi, wengi hufika hospitali wasijue la kuuliza, wakatia sahihi au alama ya kidole katika karatasi wasiyoifahamu. Basi yafaa tujiulize: je, alama ile yatosha kuitwa ridhaa?

Mwaka 1961, katika jimbo la Mississippi, Marekani, mama mmoja wa mashambani, Fannie Lou Hamer, aliingia hospitali ili aondolewe uvimbe. Daktari akamwondoa na kizazi pia, bila kumwuliza. Ubaya wa jambo hilo kila mtu auona. Lakini tutazame la pili. Mwaka 2019, katika wilaya ya Beed, nchi ya India, tume ya serikali ya jimbo iliwahoji wanawake wakata miwa 82,000 hivi, ikaona ya kuwa zaidi ya 13,000 wamekwisha kuondolewa kizazi. Wengi wa hao waliulizwa, nao wakakubali. Lakini wako walioogofishwa kwamba wasipopasuliwa watapata kansa, na siku ya kukosa kazi kwa maumivu iliwaletea faini. Waliitika kwa midomo, je, walichagua? Nasema hapana. Mtu aliyeonyeshwa njia moja tu hakuchagua njia.

Ridhaa ya kweli, basi, yahitaji maarifa. Mwanamke ajue ugonjwa wake ni upi: kansa, au uvimbe usio kansa, au damu kutoka kupita kiasi, au kizazi kilichoshuka. Ajue kama iko njia nyingine. Damu nyingi mara nyingi hutulizwa kwa dawa, au kwa kitanzi chenye dawa kiwekwacho ndani ya kizazi. Uvimbe waweza kuondolewa na kizazi kikaachwa. Na uvimbe usiomsumbua mtu huweza kuachwa, kwa maana mara nyingi hunywea hedhi inapokoma. Ajue pia kitakachoondolewa. Kizazi kikitoka, hatachukua mimba tena. Ovari, yaani vifuko vya mayai, zikiondolewa pamoja nacho, dalili za kukoma hedhi humjia ghafula, hata akiwa kijana. Shingo ya kizazi ikiachwa, yampasa kuendelea kupimwa kansa ya mahali hapo. Tena atahitaji majuma 6 hivi pasipo kubeba ndoo ya maji wala mzigo wa kuni; nani atamfanyia kazi hizo?

Wengine husema, "Daktari amesoma, mgonjwa asikilize tu." Neno hilo ni nusu ya kweli. Daktari aujua ugonjwa kuliko mgonjwa. Lakini kama mama atamani mtoto mwingine, kama aweza kuivumilia damu ile hata hedhi ikome, au kama maumivu yamemchosha kabisa naye ataka yaishe, hayo hayamo katika vitabu vya daktari. Mwenyewe ndiye ayajuaye. Mmoja ana elimu ya ugonjwa, mwingine ana elimu ya maisha yake, na uamuzi mwema hutaka zote mbili.

Tena wako wasemao kwamba kumweleza mgonjwa yote ni kumtisha. Lakini hofu ya gizani ni kubwa kuliko hofu ya jambo lijulikanalo. Kweli, iko saa isiyo na nafasi ya mazungumzo, kama mzazi anapotokwa na damu isiyozuilika baada ya kujifungua. Hapo daktari huweza kuondoa kizazi ili kuokoa uhai, na ni haki. Lakini saa hiyo isifanywe kanuni ya siku zote.

Na mume je? Huyo ni mwenzi; yafaa asikie, ashauri, amsindikize mkewe. Bali mwili utakaopasuliwa si wake. Mume akitia sahihi, naye mke mwenye akili timamu amenyamazishwa, ridhaa haijatolewa. Wala mume asimzuie mke anayehitaji kupasuliwa, kwa kudhani kwamba hatakuwa mwanamke tena. Utu wa mwanamke haukai katika kiungo kimoja. Na wengi, wakiisha kupona, huendelea na unyumba kama kwanza.

Ninyi walimu wa sharika, mama akija kutaka shauri, msimwamulie. Mwandikieni maswali machache ayachukue kwa daktari: Ugonjwa wangu ni upi? Iko dawa nyingine? Mtaondoa nini, na mtaacha nini? Itakuwaje nikingoja? Asipoelewa, aulize tena, au amtafute daktari wa pili. Kuuliza si ukaidi. Naye akiisha kufahamu, akisema ndiyo au akisema hapana, neno lake liheshimiwe.