Je, Mwenye Ujuzi Yafaa Ahame?

Ndugu Waislamu, kijana mmoja wa Kabati, huko Kitui, aliyesomea uuguzi, ametuuliza kama yafaa aombe ukaazi wa kudumu Kanada. Tangu 2015 nchi hiyo huwapima mafundi waombao kwa alama za umri, elimu, lugha na kazi. Aliyetimiza miaka 45 hapati alama ya umri hata moja. Basi waitwao ni vijana.

Imamu Ghazali katika Ihya ameihesabu tiba kuwa ni fardhi kifaya: akikosekana wa kuisimamia, dhambi ni ya wote. Wengi huishika kauli hii wakamlaumu msafiri. Twaona wamekosea mlango. Fardhi hiyo i juu ya mji mzima, na mji uliomwacha muuguzi wake miaka bila ya kazi (nasi twapaka rangi misikiti kila Ramadhani!) hauna haki ya kumzuia. Lakini aliye peke yake zahanatini asiondoke mpaka apatikane wa kushika mahali pake.

Ama barua ya kazi asiyoifanya ni ushahidi wa uongo, hata ikiwa aandikiwaye si Mwislamu. Huko, uongo huo ukigunduliwa, mwombaji huzuiwa miaka 5.