Kipimo na Dhamiri

Natuweke mfano. Mtu mmoja alikwenda mjini kutafuta kazi, na huko akaanguka katika uzinzi. Zilipopita siku 14 akaona hofu, akaenda kupimwa damu. Mpimaji akamwambia kwamba virusi vya UKIMWI havikuonekana, lakini arudi kupimwa tena baada ya miezi 3. Neno la kwanza alilishika. La pili aliliacha njiani. Akarudi nyumbani, akamwonyesha mkewe cheti. Baadaye mkewe akaonekana ana virusi, naye mume akasema, "Kosa si langu, ni la kipimo." Je, yatupasa kumkubalia?

Kwanza tukitendee kipimo haki. Tangu mwaka 1985, vipimo vya damu vilipoanza kutumika, vimeokoa watu wengi. Lakini kipimo cha haraka cha zahanati zetu hakitafuti virusi vyenyewe. Chatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwafanya ili kupigana navyo. Mwili huhitaji majuma kadhaa kuwafanya, pengine hata miezi 3. Katika siku hizo mtu aweza kuambukiza wengine, wala kipimo kisione neno. Basi kipimo hakikusema uongo. Kiliulizwa kabla ya wakati wake.

Labda msomaji atasema, mtu wa kijijini atayajuaje mambo ya wataalamu? Twakubali ya kuwa asiyeambiwa hatia yake ni ndogo, na mpimaji aliyenyamaza ana sehemu yake. Lakini mtu wetu aliambiwa. Tena, hata kama asingaliambiwa, lilikuwapo jambo moja alilolijua yeye peke yake, nalo ni tendo lake. Cheti kilijua habari za damu, hakikujua habari za safari. Mkewe alikiamini kwa sababu alifichwa neno ambalo lingalimfanya aulize. Hapo ndipo kosa lilipo.

Avukaye mto hupima kina kwa fimbo, na akiwa peke yake aweza kuthubutu kwa kupima mara moja. Lakini aliyembeba mtoto mgongoni hupima tena na tena, maana si maisha yake tu yaliyo juu ya fimbo ile. Ndivyo ilivyompasa mtu huyu: kukimbilia zahanati ndani ya saa 72, wakati dawa za kinga zingali zafaa, kumwambia mkewe kweli, ijapokuwa ni chungu, na kujizuia mpaka kipimo cha pili. Kipimo hutusaidia kujua. Kuamua tufanye nini na ujuzi huo ni kazi yetu wenyewe, wala hatuwezi kukiachia kipimo.